Vijiko Chini ya Meza

3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Sisi hatujambo. Mzee wangu hajambo isipokuwa redio. Siku hizi anaifungulia kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima, hasa Jumatano mchana, na majirani wakilalamika anasema kazeeka. Mama yako goti linamsumbua lakini ulimi mzima. Jogoo wetu naye yupo, anawika wakati wowote anaojisikia, kama mstaafu asiye na ratiba. Mkeo na ujauzito wanaendeleaje? Mwambie asiinue ndoo.

Nakuandikia kwa sababu simu za siku hizi zina masikio marefu kuliko sungura. Kondakta wa basi atakukabidhi mwenyewe, mkononi.

Sasa nisikilize. Tangu utoke ule waraka wa serikali wa utulivu, unaotaka imani isionekane hadharani, kanisa letu limefungwa kwa ukaguzi wa paa. Paa lenyewe tuliliezeka upya mwaka juzi. Hata choo cha nje, ambacho hakijawahi kuwa na paa, nacho kimefungwa kwa ukaguzi wa paa. Mchungaji ameenda kwenye matibabu. Ugonjwa haukutajwa, ila ulimpata siku ile ile waraka uliposomwa redioni. Wazee wa kanisa wenzangu wamenywea wote. Mwenye duka pale kona amekigeuza kile kibao chake cha "Yesu Ni Mwokozi", sasa upande wa pili kinasomeka "Sukari Ipo".

Nimebaki mimi. Ndiyo maana nakuuliza: wewe huko kiwandani umeshamkiri Mungu wako mbele ya watu? Usinipige chenga. Mimi ndiye niliyekusimamisha juu ya kigoda ukiwa mtoto, ukatamka Imani yote mpaka amina bila kukwama, mama yako akalia mbele ya kanisa zima. Kukiri wakati wa raha hata kasuku anaweza. Nyakati hizi ndizo mtu hupimwa. Usiniaibishe.

Nimekutumia skafu ya sufu. Nimeifuma mwenyewe. Usiulize.

Shangazi yako

*

21 Februari

Shangazi, shikamoo.

Sisi tunashukuru. Mke wangu miguu inavimba jioni, vinginevyo hajambo, na ndoo nainua mimi. Nyumba ya kiwanda tuliyopewa ni chumba na sebule, kuta nyembamba. Jirani akipiga chafya tunamwambia pole bila kutoka nje. Lakini ni nyumba, na haina kodi, na mtoto atazaliwa chini ya bati lisilovuja.

Skafu imefika. Huku joto ni la kukaangia yai juu ya kichwa cha mtu, lakini nimeivaa kwa heshima yako mpaka mlangoni na kurudi.

Kuhusu kukiri. Shangazi, kazi yangu unaijua, mimi ni mkaguzi wa magodoro. Godoro likitoka kushonwa linaletwa kwangu, napanda juu yake, napiga magoti kila pembe, nakandamiza, nasikiliza kama sponji ni nzima. Sasa ukishakuwa umepiga magoti na macho umeyafumba ili usikilize vizuri, nani atajua unasikiliza nini? Nadhani mimi ndiye Mkristo pekee mji huu anayelipwa mshahara kwa kupiga magoti. Wiki mke wangu aliposhikwa na homa, godoro moja nililikagua mpaka msimamizi akaja kuuliza kama nimelala.

Shida iko kantini. Meneja wetu, ambaye tunamwita Bwana Utulivu kwa sababu tangu waraka usomwe hana salamu nyingine, amebandika tangazo: mambo ya imani yabaki nyumbani, wafanyakazi wale kwa utulivu. Na mimi chakula bila kuombea hakinishuki, ulinilea hivyo. Nimepata njia. Nikishaketi naangusha kijiko, nainama kukitafuta, huko chini nafumba macho, nashukuru kwa kifupi, nasema amina, narudi juu na kijiko changu. Hakuna aliyekwazika na Mungu ameshukuriwa. Nadhani hiyo ndiyo hekima.

Na nyinyi, ibada ya Jumatano bado mnafanyia pale sebuleni kwako? Hukuniambia.

Mwanao

*

30 Machi

Mwanangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nasubiri hasira zishuke. Hazikushuka, nimeamua kuandika hivyo hivyo.

Salamu kwanza. Mama yako anasalimu. Mzee wangu anasalimu, betri za redio zimeisha mara mbili mwezi huu. Jogoo tumemchinja. Alikuwa na kelele. Mchungaji bado yuko kwenye matibabu na tunasikia amenenepa.

Kumshukuru Mungu chini ya meza! Kati ya viatu vya watu! Mwanangu, unadhani wale waliotangulia katika imani, waliotupwa kwa simba, walisema, "Samahani simba, nimeangusha kijiko"? Mtu anayemwonea Mungu haya mbele ya sahani ya maharage atafanya nini siku akiulizwa na wakubwa? Hekima unayoisema mimi naijua kwa jina lake la utotoni, inaitwa woga. Kijiko kikae mezani, kichwa kiiname juu ya meza, mdomo ufunguke. Wakikufukuza, mlango wangu uko wazi.

Mimi hapa nimesimama imara. Zaidi ya hapo sina la kueleza.

Nimekutumia soksi jozi kadhaa na kofia ya mtoto. Rangi zimechanganyika kidogo, uzi tunanunua unaopatikana.

Shangazi yako asiyeyumba

*

14 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Nimeshika adabu. Barua yako nilimsomea mke wangu, alicheka simba mpaka mtoto akampiga teke. Kofia ni nzuri, ingawa ina nafasi ya masikio matatu. Lakini nisamehe nikiuliza. Wewe unayempelekea jirani hata kifungo cha shati akushonee, umeanza lini kufuma? Na kwa nini jogoo? Yule ulimpenda kuliko baadhi ya ndugu. Na swali langu la Jumatano umeliruka kama mtu anayeruka dimbwi.

Haya, nikupe habari. Juzi niliangusha kijiko kama kawaida. Nilipoinama nikakutana uso kwa uso na mhasibu mkuu. Yule mwenye tai, ambaye hata kikohozi chake kina mpangilio. Yuko chini ya meza, kapiga goti moja, macho kayafumba, midomo inacheza. Akafumbua macho, tukatazamana.

"Nimeangusha kijiko," akasema.

"Hata mimi," nikasema.

"Basi tusaidiane kutafuta." Akafumba tena macho akamalizia.

Tangu siku hiyo nikaanza kutega sikio. Shangazi, ile kantini saa ya chakula inalia kama ghala la masufuria limeanguka! Kling huku, kling kule. Mafundi cherehani wanaangusha kwa zamu. Mlinzi wa getini, anayekula kwa mkono, anakuja na kijiko chake mfukoni cha kuangusha tu. Kumbe nusu ya kiwanda wanaomba chini ya meza, na kila mmoja anadhani yuko peke yake kule chini. Bwana Utulivu amebandika tangazo jingine: wafanyakazi washike vijiko kwa uangalifu, vinapinda.

Nilicheka wiki nzima. Kisha kicheko kikanikauka. Kuna mpishi wetu, mama mmoja mnene tunayemwita Mama Upawa. Yeye hana kijiko cha kuangusha. Husimama mbele ya sufuria, upawa juu, na kuomba kwa sauti inayofika kwenye matangi ya gundi: "Bwana, bariki maharage haya, na hao wanaoyala, na huyo aliyeandika tangazo." Ndipo anapakua. Wengi wetu tulikuwa tunasubiri sauti yake ndipo tuangushe. Sasa ameitwa ajieleze mbele ya kikao. Anadaiwa kuvuruga utulivu mahali pa kazi.

Mimi ndiye ninayekaa karibu na dirisha la jikoni. Unaelewa ninachoogopa.

Mwanao

*

2 Mei

Mwanangu,

Tuko wazima. Mama yako goti limepoa.

Naelewa unachoogopa. Watakuita ushahidi. Ukiitwa, unajua la kusema, sina haja ya kukurudisha kwenye kigoda. Huyo mama ni wa kwetu. Usimwache peke yake.

Hapa walipita vijana wawili wa ukaguzi. Wastaarabu sana, walivua viatu mlangoni. Walikunywa chai. Waliuliza mambo yao, nikawajibu vizuri, wakaenda zao. Hakuna la kuandika.

Sweta hili ni lako. Lioshe kwa maji baridi.

Shangazi

Mwanangu, ni mimi mzee wake. Barua hii napeleka mimi stendi, na bahasha haikugundishwa vizuri, kwa hiyo naongeza mistari. Shangazi yako haumwi lakini halali. Walipokuja wale vijana mara ya kwanza, mwezi Machi, ilikuwa siku ya Jumatano, wakawakuta akina mama wamejaa sebuleni. Wakauliza, "Hapa mnafanya ibada?" Shangazi yako akatazama kikombe chake akasema, "Hapana wanangu, hiki ni chama cha kufuma." Wakauliza tena, akasema hivyo hivyo. Walipouliza mara ya tatu, kabla hajafunga mdomo, jogoo akawika pale nje dirishani. Hakuwa na nia mbaya, ndiyo tabia yake. Siku hiyo hiyo akachinjwa, na shangazi yako hakugusa hata mchuzi. Sindano walizishika tangu waraka utoke, ziwe kisingizio; sasa vijana wamekwisha kuja mara tatu kuona kazi inavyoendelea, kwa hiyo wanafuma bila kupumzika, na mimi napiga redio ili wanapoimba wasisikike nje. Nyumba imejaa soksi. Usimwambie kama nimekuambia.

*

19 Mei

Shangazi, shikamoo.

Sweta limefika. Mke wangu sasa hawezi kuona vidole vyake vya miguu, mkunga anasema ni wiki yoyote kuanzia sasa. Pole sana kwa jogoo. Nasema hivyo tu, pole.

Nimeitwa. Bwana Utulivu aliniita kwanza ofisini kwake, akanikalisha kwenye kiti kizuri, akaniambia mimi ni kijana mwenye upeo, na kwamba magodoro yangu hayajawahi kurudishwa na mteja. Alinivika kilemba cha ukoka mpaka shingo ikauma. Kisha akasema: "Sikuombi useme uongo. Sema tu ulisikia kelele. Kelele ni kelele, siyo dhambi kusema kelele." Alipokuwa ananisindikiza mlangoni akauliza, "Nyumba inawatosha? Maana nyumba ni chache, na mama mtarajiwa anahitaji utulivu."

Ndiyo hivyo. Nikisema nilisikia kelele, Mama Upawa anafukuzwa, na mimi nalala chini ya bati langu. Nikisema nilisikia sala, na kwamba hiyo sala ilikuwa yangu pia, mtoto wangu anaweza kuzaliwa stendi.

Nisaidie. Lakini usinijibu kama mzee wa kanisa. Simba nimeshawasikia. Nijibu kama shangazi yangu: wewe ukiulizwa mbele ya chai, unafanyaje?

Na mniombee, wewe na wenzako wa kufuma.

Mwanao

*

9 Juni

Shangazi, shikamoo.

Kifurushi kimefika na hakikuwa na barua ndani. Glovu moja tu, ya kushoto. Nilikung'uta ile glovu, nikaigeuza ndani nje, hakuna hata karatasi ya ukubwa wa kucha. Sijawahi kukosa neno lako tangu nizaliwe. Nilikasirika, Shangazi, siwezi kukuficha. Halafu nikaelewa kwamba na wewe hujui la kusema, na nikaogopa zaidi.

Kikao kilikuwa Alhamisi, chumba cha mikutano, viti bado vina nailoni zake. Bwana Utulivu katikati, mhasibu mkuu kulia kwake, msimamizi wangu kushoto. Mama Upawa alikaa pembeni amevaa gauni lake la kwendea kanisani, lenye kola. Nilipoketi nikanyoosha mkono mezani, mazoea. Tukaletewa chai. Ilikuwa imeshakorogwa sukari huko huko jikoni, na hapakuwa na kijiko hata kimoja juu ya ile meza.

"Wewe unakaa karibu na dirisha," Bwana Utulivu akaanza. "Ulisikia nini?"

Shangazi, nilijisogeza mbele, nailoni ya kiti ikalia. Nilimfikiria mke wangu. Nilikufikiria wewe na kikombe chako. Nikasema, "Nilisikia sala."

"Kelele."

"Sala, bosi. Kila siku. Na kila siku mimi nilikuwa naitikia amina."

"Sisi hatukuwahi kukusikia ukiitikia."

"Nilikuwa chini ya meza."

"Unafanya nini chini ya meza?"

"Namwomba Mungu. Nilikuwa nasingizia kijiko. Mimi ni Mkristo, bosi, na huyu mama alikuwa anaomba kwa niaba yangu kwa sababu mimi niliogopa."

Nilimtazama mhasibu mkuu. Akaitazama dari kwa makini, kama fundi anayepima nyufa. Msimamizi akahesabu vifungo vyake. Mama Upawa ndiye aliyesema, tena kwa sauti yake ile ile ya maharage: "Asante, mwanangu. Nilikuwa nadhani naongea na sufuria."

Bwana Utulivu akafunga kikao. Akasimama, akapangusa jasho, akasema, "Haya, Mungu atusaidie." Akasikia alichosema. Akakohoa. "Namaanisha, tusaidiane."

Mama Upawa amefukuzwa. Usidhani kwamba ukweli ulifungua milango ya gereza, haukufungua hata dirisha. Mimi nimehamishiwa kwenye kukata sponji, kazi ya kusimama kutwa, na nyumba wanaitaka mwisho wa mwezi. Ijumaa nilikwenda kantini, nikaketi, nikaacha kijiko mezani, nikainamisha kichwa. Nilipoinua, mhasibu mkuu alikuwa amekaa mbele yangu, kijiko chake mezani, mikono kaikunja, anaomba. Jicho moja alikuwa ameliacha wazi. Sikumcheka. Hata hilo moja alilolifumba naona lilimgharimu.

Mtoto amezaliwa Jumapili, wa kike, mzima. Kofia inamtosha. Lile sikio la tatu tumelikunja.

Mwanao

*

24 Juni

Mwanangu, baba wa binti yangu,

Leo sina salamu ndefu. Mungu amlinde huyo mtoto.

Barua yako niliisoma peke yangu kwanza. Kisha Jumatano nikawasomea akina mama, wote, sindano zikiwa mikononi. Nilipofika pale pa kikombe sauti ikanigoma, na mke wa mwenye duka akanisaidia kumalizia. Najua mzee wangu alikuambia. Ile bahasha niliigundisha mwenyewe, tena kwa ute wa yai. Nimefurahi alikuambia, maana mimi nisingeweza.

Uliniuliza ningefanyaje mbele ya chai. Nilikuwa nimeshafanya, mwanangu. Nilikana mara tatu na nikawaongezea sukari. Nikakuandikia wewe barua za simba kwa mkono ule ule. Nimeona aibu kuliko siku zote za maisha yangu, na kilichoniuma zaidi ni kwamba ulijua na ukasema tu pole kwa jogoo.

Barua ilipoisha, mke wa mwenye duka akaweka sindano zake chini. Kisha na mwingine. Mzee wangu akatoka chumbani, hakuna aliyemtuma, akazima redio. Nikainuka nikafungua madirisha, yote, hata lile la upande wa barabara ambalo lilikuwa limeshika kutu. Tukaimba. Tuliimba vibaya mno, miezi mingi tumezoea kunong'ona. Watu walisimama barabarani. Mwenye duka alitoka mlangoni kwake, akasikiliza, na jioni nilipopita kibao kilikuwa kimegeuzwa. Sukari, nasikia, bado ipo.

Wale vijana wamepeleka ujumbe kwamba Jumatano ijayo watakuja, na safari hii hawatavua viatu. Chai nitawachemshia. Wakiuliza, nitajibu nikiwatazama wao, siyo kikombe. Naogopa sana. Nakuambia ili usidhani shangazi yako amekuwa simba.

Chumba cha nyuma nimekipanga. Njooni nyote watatu, na yule mama wa upawa kama hana pa kwenda, jikoni kwangu kuna nafasi ya sauti yake. Mkinikuta, vizuri. Msiponikuta, ufunguo anao mzee wangu. Nimenunua jogoo mwingine, mwekundu, ana sauti kuliko yule. Asichinjwe.

Sweta la mtoto ndilo hilo. Lina mkono mmoja. Hatukulimaliza na hatutalimaliza. Mvisheni hivyo hivyo.

Shangazi yako